Kwa Vijana wa Kabungu: Mkienda, Mrudi Tena

Wajukuu zangu, nimesikia mnataka kuunda kikundi cha kuwasaidia watoto na kaya zenye shida hapa Kabungu. Nimefurahi sana. Wengi wenu mmemaliza kidato cha nne juzi tu, wengine mko kwenye bodaboda, wengine mnalima mahindi na tumbaku pamoja na wazazi wenu, na hakuna hata mmoja mwenye kipato cha uhakika. Pamoja na hayo mmeona kwamba jirani ana mtoto anayelala bila kula, na mmekataa kunyamaza. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo mnao. Mimi nataka niseme nanyi juu ya jambo linalowashinda wengi wenye moyo kama wenu, nalo ni kurudi. Mtoto aliyepewa daftari leo na asionwe tena na aliyempa, hali yake mwezi ujao itakuwa ileile ya jana. Anayetembelewa kila mwezi mpaka amalize darasa la saba, huyo ndiye mtakayesema mmemsaidia.

Mfano wa mtu wa namna hiyo tunao humu humu Wilaya ya Tanganyika. Nendeni Karema, kando ya ziwa. Wabelgiji walijenga ngome pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Miaka michache baadaye, mwaka 1889, alifika pale kijana Mwafrika aliyeitwa Adrian Atiman. Alikuwa amezaliwa mbali, nchi inayoitwa Mali leo, akakamatwa akiwa mtoto mdogo na kuuzwa utumwani kuvuka jangwa. Wamisionari wakamkomboa huko Algeria, wakamlea, wakampeleka Malta kusomea tiba. Kwa elimu ile angeweza kuishi popote. Alikuja Karema, akatibu wagonjwa na kufundisha dini, akaoa, na akabaki palepale hadi alipofariki mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka 60 mahali pamoja, kupitia utawala wa Wajerumani, vita vya kwanza, utawala wa Waingereza na vita vya pili. Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake hadi leo. Mimi nikimfikiria Atiman, kinachonigusa kuliko udaktari wake ni kwamba watu wa ziwani walijua kesho yupo, na keshokutwa yupo. Mtoto aliyeuzwa kama mzigo alilelewa na watu wasio ndugu zake, naye akawa mtu wa kutegemewa na wageni kwa maisha yake yote. Msiseme basi kwamba kumlea mtoto wa mwenzako ni kazi ya kupoteza muda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na tuanze na Januari, maana hapo ndipo watoto wetu wanapopotea. Mnaujua mwezi huo. Mvua zimechanganya, mahindi yako shambani bado mabichi, ghala limebaki sakafu. Wakati huohuo shule zinafunguliwa. Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada, na ni jambo kubwa, mimi nimeona madarasa yalivyojaa. Lakini ada haikuwa gharama pekee. Kuna sare, viatu, madaftari, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana ambayo wazazi hukubaliana kuchanga. Bibi anayelea wajukuu wanne, ambao baba yao alikwenda kutafuta dhahabu kwenye machimbo na hajarudi, atapata wapi vyote hivyo katika mwezi ambao hata chumvi anaazima? Mtoto anakaa nyumbani wiki ya kwanza, anaona haya kwenda wiki ya pili, wiki ya tatu amekwisha kuwa mchungaji wa ng'ombe wa mtu. Hakuna aliyemfukuza shule, na bado hayumo darasani.

Kwa hiyo kikundi chenu kikianza kukusanya michango mwezi Januari kimechelewa. Kusanyeni wakati wa mavuno na mauzo, kuanzia Juni hadi Agosti, hata jirani mchoyo akiwa na magunia ndani. Aombwe debe la mahindi badala ya fedha, debe analo. Oktoba muwe mmejua ni watoto gani, Novemba kitambaa kimenunuliwa. Na sare mshonee hapa hapa kwa mafundi cherehani wetu, wala msinunue zilizotengenezwa tayari kwa vipimo vya watoto wa mjini. Fundi wa kijijini anamjua mtoto, anaacha pindo refu la kukunjua mwaka unaofuata, na fedha inabaki Kabungu.

Mtawajuaje watoto wenyewe? Msiamini macho yenu peke yake. Mwenye nguo chakavu anaonekana barabarani. Mwenye njaa kuliko wote pengine hatoki ndani. Nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji wa kijiji, kwa walimu, kwa mhudumu wa afya ya jamii. Ulizeni kama kaya fulani imo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, maana mpango huo umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya maskini na kuzitaka zihakikishe watoto wanakwenda shule na kliniki. Iliyomo ina pa kushikia. Isiyomo, na ni maskini vilevile, ndiyo yenu kwanza. Halafu mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Najua vijana mnaona ofisi ni urasimu. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeipa halmashauri wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake, na imempa kila mwananchi wajibu wa kutoa taarifa akijua haki ya mtoto inavunjwa. Ninyi si mbadala wa halmashauri. Ninyi ni macho yake vijijini, na ni sauti ya kuikumbusha ikisahau.

Anzeni na kaya chache. Nawasihi sana katika hili. Kikundi kinachojivunia kufikia kaya mia kwa siku moja kinanitia mashaka. Chagueni ambazo kila mmoja wenu anaweza kuzitembelea bila kukatisha riziki yake, hata kama jumla yake itaonekana aibu kuisoma mkutanoni.

Mkifika nyumbani kwa mtu, pigeni hodi kama wajukuu, msiingie kama wakaguzi. Mkimkuta bibi anapukuchua mahindi, kaeni mpukuchue naye. Maneno yatakuja yenyewe. Msimuulize mtoto mbele ya wenzake kama amekula. Msiwaambie majirani mliyoyaona ndani. Na msiende mtu mmoja mmoja. Muwe wawili, na mmoja awe binti, kwa usalama wa mtoto na kwa heshima yenu wenyewe. Mzee wa nyumba ana hadhi yake hata kama hana shilingi. Baba aliyevunjika mguu akiona vijana wanampa mwanawe viatu bila kumsemesha yeye, mmemvisha mtoto na kumvua baba. Kabidhini kitu mikononi mwa mzazi, naye amkabidhi mwanawe.

Nimewahi kushuhudia ugawaji wa viatu ambapo watoto walipangwa mstari juani kuanzia asubuhi wakisubiri wenye kamera wafike. Walipofika, kila mtoto aliambiwa ainue kiatu usawa wa uso na acheke. Viatu vingine vilikuwa vidogo. Hakuna aliyerudi kubadilisha. Picha zile nadhani bado zinazunguka huko, na watoto wale sasa ni watu wazima wenye familia. Wanangu, umaskini wa mtoto si mali yenu ya kuonyesha. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kama isingekuwepo, ungependa binti yako aonwe hivyo na wakwe zake? Wafadhili wakitaka ushahidi, wapeni stakabadhi za fundi na mahudhurio ya darasani kutoka kwa mwalimu, yasiyo na majina. Anayekataa kusaidia mpaka aone uso wa mtoto, mwacheni aende.

Nasikia pia baadhi yenu mna ndoto ya kujenga kituo cha yatima. Hapa nitasema wazi: mimi siafiki. Makao ya watoto yana leseni na masharti yake kisheria, na yana nafasi yake kwa mtoto asiye na mtu kabisa. Lakini Kabungu, mtoto asiye na mtu kabisa ni nadra. Ana shangazi, ana mama mdogo, ana bibi, ana jirani aliyekuwa rafiki wa mama yake. Kinachokosekana mara nyingi ni gunia la mahindi na ada ya matibabu ya huyo shangazi, wala si jengo. Kwa miaka kadhaa bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa Sh 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Linganisheni fedha hiyo na gharama ya tofali, bati na mlinzi wa usiku. Watoto wa mkoa huu wamewahi kulelewa katika kaya hata nyakati mbaya kuliko hizi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, baadaye Mishamo, wakafyeka pori wakalima, na leo wengi wao ni raia wenzetu, na wajukuu zao wanasoma na ninyi. Walilea watoto wao katika kaya, chini ya paa la nyasi, wakakua.

Kuhusu fedha sitarefusha. Fanyeni kama vikundi vya kuweka na kukopa vya mama zenu: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, daftari linasomwa kwa sauti kila mkutano. Jiandikisheni halmashauri ili jina lenu lisitumiwe na matapeli. Na mwenye kikundi asiwepo. Awepo mwenyekiti anayebadilishwa.

Nimeweka mwisho jambo linaloniuma kuliko yote. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi ndiyo ilikuwa ya kwanza Tanzania kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Mkoa wetu ulikuwa na miaka michache tu tangu uundwe mwaka 2012, na tayari ukajulikana kwa hilo. Msiwalaumu mabinti. Binti wa sekondari anatembea mwendo mrefu alfajiri, au anapanga geto mjini peke yake kwa sababu shule iko mbali na kwao, na anayempa nauli na chipsi si mwanafunzi mwenzake, ni mwanaume mzima. Kikundi chenu kinaweza kuwatafutia mabinti hao mama wa kukaa naye karibu na shule. Kinaweza kushona taulo za kike za kufua, ili binti asikose masomo siku kadhaa kila mwezi. Na yule aliyekwisha kuzaa, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi shuleni. Wengi hawarudi kwa sababu hakuna wa kubaki na mtoto, na nyumbani wameambiwa wamekwisha. Mwendeeni. Mwambieni mama yake mbele yake kwamba hajaisha.

Mkigundua mtoto amebakwa au anapigwa, msikae kikao nyumbani kwa mtu. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa ng'ombe wala kwa kikao cha ukoo. Mpelekeni kituo cha afya haraka, mtoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au mpige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtachukiwa na watu fulani. Wazee tulio na akili tutakuwa upande wenu, na mimi niiteni, nitakuja kusimama nanyi.

Jambo moja bado. Wapo watakaochoka. Mmoja ataolewa Mpanda, mwingine atapata kazi Dar es Salaam, mwingine atakata tamaa baada ya mtoto aliyemsaidia kuacha shule kwa hiari yake. Anayeondoka asiondoke kimya. Aende nyumbani kwa kaya yake na mwenzake atakayeshika nafasi, amtambulishe, aage. Mtoto akubali kwamba fulani amehama, lakini fulani mwingine yupo.

Wiki hii kabla ya Jumapili, nendeni kwa mwenyekiti wa kitongoji mwandike kaya za kwanza. Kisha pangeni tarehe ya kuzitembelea mara ya pili kabla hamjazitembelea mara ya kwanza.