JE, ASIYERUDISHA NGUMI NI MWOGA?

Kijana mwenzangu,

Hebu simama kidogo. Usiikunje karatasi hii mfukoni, wala usiifungie karanga kabla hujaimaliza. Nina swali moja tu, na siyo swali la kanisani. Ni la kijiweni.

Mtu amekutukana mbele za watu. Kisha amekuzaba kofi. Wenzako wamekaa wanatazama, na mmoja anasema, "We siyo mwanaume? Mrudishie!" Moyo unadunda kama ngoma, ngumi imejikunja yenyewe. Ukirudisha, watakusifu mpaka jioni. Usiporudisha, utaitwa mwoga mpaka mwakani. Utafanyaje?

Vijana wengi husema, "Huo wokovu wenu ni wa watu dhaifu. Eti nigeuze shavu la pili! Mimi siyo zuzu." Nimesikia. Leo sitakujibu kwa mahubiri. Nitakuletea mtu mmoja, umpime mwenyewe.

MTU MWENYEWE NI HUYU

Anaitwa Fred Shuttlesworth, Mmarekani mweusi. Alizaliwa mwaka 1922 huko Alabama, kusini mwa Marekani, katika familia maskini. Aliwahi kuendesha malori. Mwaka 1953 akawa mchungaji wa kanisa la Bethel Baptist katika mji wa Birmingham, mji wa viwanda vya chuma.

Mji huo ulikuwa mgumu, ndugu yangu. Mtu mweusi alikaa nyuma ya basi, mzungu mbele. Shule mbalimbali, hata maji ya kunywa mbalimbali. Aliyelalamika alitegewa bomu. Watu wakauita mji huo Bombingham, kwa kuchanganya jina lake na neno bomu.

Mwaka 1956 jimbo la Alabama lilikipiga marufuku NAACP, chama kikubwa kilichokuwa kinatetea haki za weusi. Siku chache baadaye Shuttlesworth akaanzisha chama kingine. Kisha akatangaza waziwazi: tarehe 26 Desemba tutapanda mabasi na kukaa viti vya mbele.

Usiku wa Krismasi, tarehe 25, alikuwa amelala kitandani kwake. Baruti ikalipuka ubavuni mwa nyumba. Ukuta ukabomoka, paa likaanguka. Ndani walikuwamo pia mke wake na watoto. Majirani wakakimbilia pale wakijua wanakwenda kuokota maiti. Kumbe mchungaji anatoka kwenye vumbi akitembea kwa miguu yake! Hakuna aliyekufa. Polisi mmoja akamshauri auhame mji haraka. Shuttlesworth akamjibu kwamba Mungu hakumwokoa ili akimbie.

Kesho yake asubuhi, nyumba ikiwa kifusi, alikwenda kupanda basi. Watu wapatao 250 wakapanda pamoja naye na kukaa mbele. Zaidi ya 20 walikamatwa siku hiyo.

NANI MWOGA HAPO?

Sasa nikuulize. Yule aliyekuja gizani na baruti akaitega na kutimka mbio, na huyu aliyepanda basi mchana kweupe akijua wanaomtafuta, mwoga ni yupi? Jibu mwenyewe.

Hayakuishia hapo. Tarehe 9 Septemba 1957 aliwapeleka binti zake kuandikishwa katika shule ya Phillips, shule ya wazungu watupu. Kundi la wanaume lilikuwa linamsubiri. Wakampiga kwa minyororo na ngumi za chuma mpaka akaanguka. Mke wake, Ruby, alichomwa kisu nyongani. Binti yake mmoja aliumia mguu. Hospitalini daktari alishangaa kuona fuvu halikupasuka. Shuttlesworth akamtania kwamba Bwana alijua anaishi mji mgumu, ndiyo maana akampa kichwa kigumu!

Mwandishi wa habari akamwuliza: hasa unatafuta nini? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike karatasi hii. Alisema anaitafuta siku ambayo mtu yule aliyempiga yeye na familia yake kwa minyororo ataweza kuketi naye kama rafiki.

Soma tena taratibu. Damu haijakauka, na mtu anawaza namna ya kukaa meza moja na aliyeimwaga.

SIKILIZA SIRI YAKE

Ngumi inaweza kukupa ushindi barabarani. Haiwezi kukupa rafiki mezani. Ukimpiga adui yako akaanguka, umepata adui aliyelala chini tu. Kesho ataamka na nduguze. Shuttlesworth alitaka kitu kikubwa kuliko kushinda. Alitaka uadui wenyewe ufe. Kwa hiyo asingeweza kutumia silaha ambayo ingezaa uadui mwingine.

Tena fikiria: anayerudisha ngumi anaendeshwa na nani? Yule aliyempiga! Amekubonyeza kama swichi, nawe ukawaka. Amepanga jioni yako, amepanga usingizi wako, pengine amepanga na miaka yako ya gerezani. Huo ndio uanaume?

LAKINI UTASEMA...

"Basi tunyamaze tuonewe?" La, hasha! Shuttlesworth hakunyamaza hata siku moja. Alikwenda mahakamani mara nyingi, aliandamana, alifungwa. Mei 1963 vijana na watoto wa shule kwa mamia waliandamana Birmingham, wengine wadogo kuliko wewe. Wakapigwa kwa maji ya zimamoto na kuumwa na mbwa wa polisi. Yeye mwenyewe maji hayo yalimbamiza ukutani, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1964, sheria ya nchi nzima ilipiga marufuku ubaguzi hotelini na mahali pengine pa watu wote.

Hata Yesu, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha, lakini hakunyamaza pia. Alimwuliza yule askari sababu ya kumpiga. Fungua Yohana 18:23 ujisomee. Kugeuza shavu siyo kuuita uovu wema.

"Na haki je?" Kusamehe hakufungi mlango wa mahakama. Mwaka 1958 kanisa la Bethel lilitegewa bomu tena. Waumini waliokuwa wanalinda walilibeba kwa mikono mpaka barabarani, likalipukia huko. Mwaka 1980, baada ya miaka 22, mhusika mmoja alitiwa hatiani. Mungu hana haraka, lakini hasahau.

"Lakini alihatarisha watoto wake." Hilo ni swali zito, sitalipaka mafuta. Gharama ilikuwa kubwa, na nyumba yake iliionja. Wala hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, hata na Martin Luther King mwenyewe waligombana. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1970. Nakwambia haya usije ukadhani mambo haya ni ya watu wasio na kasoro. Ni ya watu kama mimi na wewe, wenye hasira zetu, waliompa Mungu hasira hizo azielekeze.

Alifariki tarehe 5 Oktoba 2011, akiwa na miaka 89, kwenye mji uleule wa Birmingham alioambiwa auhame. Miaka mitatu kabla, uwanja wa ndege wa mji huo ulikuwa umepewa jina lake. Jamani! Walitaka atoke, na leo kila anayeingia kwa ndege anapita kwenye jina lake.

NA WEWE JE?

Labda wewe hujategewa baruti. Lakini yupo mtu. Baba aliyekutelekeza. Rafiki aliyekusaliti. Jirani aliyekusingizia wizi. Umembeba kifuani muda mrefu, na kila ukimkumbuka usingizi unaruka. Yeye pengine analala fofofo.

Nguvu ya kumwachilia haitoki kwenye misuli, wala haipatikani kwenye chupa. Shuttlesworth aliipata kwa Yule aliyeangikwa msalabani na kuwaombea waliompigilia misumari. Soma Luka 23:34, kisha Warumi 12:17 mpaka 21. Ni mistari michache tu.

Usiku wa leo, kabla hujalala, litaje jina la mtu huyo mbele za Mungu. Huhitaji maneno ya kitaalamu. Mwambie: "Bwana, mtu huyu ameniumiza, na mimi peke yangu siwezi. Nisamehe na mimi niliowaumiza. Ingia moyoni mwangu, uutawale." Sema hivyo kwa moyo wako wote, uone kama kesho utaamka mwoga.

Ukishamaliza kusoma, usiitupe. Mpe yule mwenye ngumi iliyokunjwa.