Kibali Ninacho, Lakini Je, Jirani Ameridhia?

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Nyumbani kwangu ni Korogwe, na shule ninayosomesha ipo Handeni. Kwa miaka kadhaa nilikwenda na kurudi kwa basi, mpaka Mwenyezi Mungu aliponiruzuku kigari cha mtumba. Nikaamua kukijengea banda uani, mbali kidogo na nyumba. (Nasema banda la gari kwa makusudi. Ukisema gereji, watu watakuletea pikipiki zao mbovu.)

Fundi alinicheka niliposema nataka kwanza kibali cha ujenzi. "Ustadhi, kiwanja chako, tofali zako, kibali cha nini?"

Maneno haya tunayasema wengi, na si kweli. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini tu kwa niaba ya wananchi. Nilicho nacho mimi ni haki ya kuitumia, tena kwa masharti. Na hata tukiiacha sheria ya nchi, Waislamu waliotutangulia hawakuwa wakijenga ovyo. Kule Tunis, katika karne ya 14, alikuwako mwashi aitwaye Ibn al-Rami. Makadhi walikuwa wakimtuma kukagua kuta, madirisha na mifereji pale majirani walipogombana, naye akaandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo.

Basi nikapeleka michoro na nakala ya hati halmashauri, nikalipa ada, nikapewa risiti, nikasubiri. Kibali kikatoka. Sikumpa mtu chai wala hakuna aliyeniomba. Nakiri kwamba nilijiona mcha Mungu.

Masika yakaingia. Paa la banda langu limeinamia upande wa jirani, bibi mmoja mjane, na maji yote yakawa yanatiririkia kwenye ukuta wa udongo wa jiko lake la nje. Mchoro ulionyesha paa, ukuta na mpaka. Maji yataelekea wapi, hilo nilikuwa nalijua mimi niliyekaa hapo miaka yote, na sikulisema. Nikamwendea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, ustadhi."

"Bibi, naona maji ya banda langu yanakusumbua."

"Aa, haidhuru mwanangu. Ni mvua tu, itakatika."

Nikarudi kwangu nimefurahi. Serikali imeniruhusu, jirani amesamehe, nini tena?

Lakini kuna somo ninalowafundisha vijana kila mwaka, kwamba mali ya mtu si halali kwako ila kwa radhi ya nafsi yake. Wanazuoni wa fiqhi wakalifafanua zaidi: ulichokipata kwa kumtia mtu haya ni sawa na ulichokipata kwa kumshikia upanga. Sasa bibi huyu, wajukuu zake wawili nawasomesha Qur'an jioni bila malipo. Mtaa mzima unaniita ustadhi. Je, ile "haidhuru" yake ilikuwa radhi au ilikuwa haya?

Najua watakaonijibu kwamba hukumu hufuata dhahiri, na hakuna aliyetumwa kupasua vifua vya watu. Ni kweli, na mbele ya kadhi ningeshinda. Ila kadhi huhukumu kwa dhahiri kwa sababu hana njia ya kuyajua ya ndani. Mimi njia ninayo. Nilijiuliza swali moja tu: kama banda lile lingekuwa la kijana wa bodaboda, bibi angesema haidhuru? Asingesema. Angekuja asubuhi na mapema akiwa na mwenyekiti wa mtaa. Kwa hiyo kilichonilinda si msamaha wake, ni kanzu yangu. Na heshima ile watu wananipa kwa ajili ya dini, si kwa ajili ya kupitishia maji.

Sikurudi kumuuliza tena, maana ningemlazimisha aniambie "haidhuru" mara ya pili. Nilinunua mifereji ya bati na tangi la lita 1,000, maji yakageuzwa kuja upande wangu. Nilijionea aibu pia, kwani Handeni ninakosomesha watu wanajua thamani ya ndoo moja ya maji, nami nilikuwa nayamwaga kwenye ukuta wa mtu. Kisha nikamtuma fundi akaukandike upya ukuta ule, gharama juu yangu.

Fundi alipokuwa anachanganya udongo, bibi alitoka na kigoda chake akakaa kumtazama. "Alhamdulillahi," akamwambia, bila kujua kuwa nipo nyuma ya ukuta. "Tangu mvua zianze nilikuwa napikia chumbani, pembeni ya kitanda."

Wallahu a'alam.