Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Je, kidole nacho kimefunga?



Jana baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, nikituma ujumbe nikaandika 'kama nilivyopokea', halafu ikawa ni uongo, nami nina dhambi? Si nilitaka kuwatahadharisha watu tu?"

Swali zuri. Tukumbuke jambo lililotugusa watu wa Arusha. Oktoba 2016, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, hapa hapa kwetu, walikwenda na dereva wao kuchukua sampuli za udongo kijiji cha Iringa Mvumi, Dodoma. Ukazuka uvumi kwamba ni wanyonya damu. Watu wakajaa, wakawaua wote watatu, na gari wakalichoma.

Jamani, wengi waliopaza sauti siku ile huenda waliamini wanalinda watoto wao. Nia ilikuwepo. Uhakika haukuwepo.

Jibu liko hapo. Nia njema haigeuzi dhana kuwa ukweli. Surat Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuchunguza habari, tusije tukadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Na wanaoambiwa pale ni walioamini, yaani sisi.

Leo uvumi hauhitaji hata kupiga yowe. Watafiti wa MIT, Marekani, walifuatilia habari zilizosambaa Twitter tangu 2006 hadi 2017. Matokeo yao ya 2018 yalionyesha kuwa uongo ulikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi ya ukweli kwa asilimia 70. Na tofauti hiyo haikuletwa na roboti, ililetwa na watu. Vidole kama hivi vyetu.

Kwa hiyo "kama nilivyopokea" sio kinga. Mtume (s.a.w.) alituonya kuwa anayesimulia kila analolisikia, tayari ameshaingia kwenye uongo.

Na kama ushatuma? Usifute kimyakimya, waliosoma wameshasoma. Toba ya haki za watu inataka urekebishe. Rudi kwenye kila grupu, andika: "Ile habari haikuwa kweli, nimekosea, nisameheni." Utaona aibu kidogo, lakini ni nyepesi kuliko kusimama Siku ya Hesabu na mtu uliyemchafulia jina.

Leo kabla ya futari, pitia ulivyotuma wiki hii. Kimoja tu usichokuwa na uhakika nacho, kirekebishe.

Ewe Mola, zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, uzikubali saumu zetu. Amin.