Kabla Hujalipiga, Liangalie

Mwanangu, nimesikia unataka kununua gitaa la klasiki la mtumba, la Kihispania, na kwamba anayeliuza amekwambia ni la mwaka 1968, kutoka karakana ya Ramírez. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku hizi naona na cha kale nacho kimekuwa kinyemi, tena kidonda chake hufichwa kwa polishi. Keti kwanza.

Mimi liliniuma Barcelona, mwaka 1979. Nilikuwa baharia, meli imefunga gati siku tatu, na mfukoni nina mshahara wa miezi mitatu. Duka halikuwa mbali na bandari. Muuzaji alikuwa mzee mpole. Akanipa gitaa, akanipa na kiti. Nikapiga nota sita, nikapotea. Ndani ya tundu kulikuwa na lebo yenye jina la fundi mkubwa wa Madrid. Sikuuliza jingine. Nilipofika Mombasa ndipo macho yakanifunguka: nyuzi zimesimama mbali na shingo kama waya za simu, na vidole vinawaka moto kabla wimbo haujafika nusu. Nikampelekea seremala akasaga mfupa wa daraja, ule unaobeba nyuzi. Akasaga tena. Mfupa ukabaki mwembamba kama ukucha, na nyuzi zikakataa kushuka.

Basi hapo ndipo uanzie. Nenda na rula. Pima kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Uzi mnene ukiwa juu milimita 4 hivi na ule mwembamba kabisa milimita 3, hali ni njema. Ukikuta 5 au 6, usikate tamaa, utazame mfupa. Kama umejitokeza vizuri juu ya mbao ya daraja, unaweza kupunguzwa. Lakini ujue hesabu yake: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kushusha milimita 1 pale ni kukata milimita 2 kwenye mfupa. Ukiona mfupa umeshakatwa mpaka unazama, na nyuzi bado ziko juu, mrudishie mwenyewe gitaa lake, mshukuru, uende zako. Shingo imeshavutwa mbele. Mafundi wa Kihispania huunda shingo na mwili kama kitu kimoja, mbavu zimechomekwa ndani ya kisigino cha shingo; huwezi kuing'oa na kuipachika upya bila kulibomoa gitaa. Na magitaa mengi ya zamani hayana chuma cha kunyooshea ndani ya shingo.

Mara nyingi mharibifu ni nyuzi. Nyuzi za nailoni zilikuja miaka ya 1940, kazi ya Albert Augustine kule New York akisaidiwa na Andrés Segovia. Kabla yake watu walipigia utumbo wa mnyama. Seti ya nailoni huvuta kama kilo 40. Seti ya chuma huvuta 70 na ushei. Huku kwetu nimeona magitaa ya watu yakivishwa chuma kwa sababu dukani hapakuwa na nyingine, na mtoto wa watu akasifiwa kwamba gitaa lake sasa lina sauti! Inama, utazame ubao wa mbele kwa ubavuni. Kitumbo kidogo nyuma ya daraja ni cha kawaida. Kikiwa kama cha mja mzito, ondoka. Kisha chomeka ncha ya karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, gundi imeanza kuachia.

Ufa usikutishe sana. Gitaa la miaka hamsini lisilo na ufa hata mmoja ni bahati, na ufa ulioshikwa kwa ndani na vipande vidogo vya mbao unaweza kukaa miaka mingine hamsini. Washa tochi ya simu, ingiza kioo kidogo tunduni, uzitazame zile fito nyembamba zilizobandikwa chini ya ubao. Gonga ubao taratibu kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mtetemo mkavu kama nzi ndani ya kopo, ufito mmoja umebanduka. Hilo fundi hulitengeneza, ila likatwe kwenye bei.

Lebo ni karatasi, mwanangu. Yangu, nilipoimulika siku moja, chini yake palikuwa na ukingo wa lebo nyingine. Antonio de Torres wa Almería, aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua leo na kufariki mwaka 1892, ameghushiwa sana. Huyo Torres mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, aonyeshe kwamba siri iko kwenye ubao wa mbele. Gitaa hilo limo katika jumba la makumbusho, kwenye mji uleule ulionitia hasara. Basi muuzaji akikutajia mgongo wa rozwudi ya Brazil na bei ikaruka, mkumbuke Torres, na mwombe karatasi za kibali. Mti ule ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni Dalbergia, na tangu 1992 biashara yake ya kuvuka mipaka imefungwa na mkataba wa CITES isipokuwa kwa kibali. Rozwudi ya India hufanana nayo, wala haina bei hiyo.

Kama hilo la 1968 kweli limetoka karakana ya Ramírez, pima pia urefu wa uzi kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa daraja. Mengi yao ya miaka ile yalikuwa milimita 664, wakati kipimo cha kawaida ni 650. Mkono wako ni mdogo, nimeuona.

Halafu liko suala la hewa. Gitaa hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani yetu huzidi hapo karibu mwaka mzima. Mbao huvimba, nyuzi hupanda. Ukilipimia Ulaya kwenye chumba chenye hita, weka akiba ya nafasi kwenye mfupa. Na usiliache ndani ya gari juani hata dakika ya kununua maji; gundi ya ngozi hulainika kwa joto.

Sasa lipige. Omba nyuzi mpya, kwa kuwa zilizokufa husingizia gitaa. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kukandamiza, uusikie, kisha kandamiza palepale. Sauti mbili zisipolingana kwenye nyuzi zote sita, uliza kwa nini.

Ukienda kuliona, pitia kwangu kwanza uchukue rula. Kile kijifupa nimekihifadhi ndani ya kiberiti. Nitakuonyesha.