Safari ya kwanza ya Ulaya: miji miwili yatosha

Anayepanga likizo yake ya kwanza Ulaya huanza na orodha ya miji. London, Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Roma, Barcelona. Siku 14, pengine 12 tu. Orodha hiyo ina mantiki yake na sitaki kuidharau. Nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni fedha iliyodundulizwa kwa miaka, ada ya viza ya Schengen ni euro 90 ambazo hazirudishwi hata ombi likikataliwa, na likizo ya kazini haiji kila siku. Ukishalipa gharama zote hizo, moyo unakuhimiza uchote kila kinachochoteka. Hata hivyo nashikilia kwamba safari ya kwanza ya Ulaya inafaa kuwa ya miji miwili, na kwamba anayefuta mitano kwenye orodha yake atarudi nyumbani na vingi kuliko anayeibakiza yote saba.

Tuanze na saa, maana ndizo zinazopotea bila ramani kuonyesha. Treni ya kutoka London kwenda Paris hupita chini ya bahari, katika handaki la kilomita 50 lililofunguliwa mwaka 1994, na safari nzima ni kama saa mbili na robo. Akisoma hivyo mtu huiona miji hiyo kama vituo viwili vya daladala. Lakini siku ya kuhama haipimwi kwa mwendo wa treni peke yake. Chumba cha hoteli hurudishwa saa nne au saa tano asubuhi, na huko uendako mara nyingi hupewi kingine hadi saa nane au saa tisa mchana. Katikati yake kuna mabegi, kuna kutafuta stesheni yenyewe (Paris ina stesheni kuu kadhaa, na ya kwendea Barcelona siyo ya kwendea Amsterdam), na kwa treni ya London kuna ukaguzi wa mizigo na pasipoti kabla ya kupanda. Kila kuhama hula nusu siku, tena pale ambapo hakuna kilichoharibika. Miji saba maana yake ni kuhama mara sita, yaani siku tatu nzima. Ondoa siku ya kufika, ambayo usingizi wa ndege bado uko machoni, na siku ya kuondoka. Katika siku 12 zimebaki saba, moja kwa kila mji. Siku hiyo moja ikiangukia Jumanne mjini Paris, makumbusho ya Louvre yamefungwa. Ikiangukia Jumatatu, ya Orsay yamefungwa. Ikiwa ni Jumapili mjini Roma, Makumbusho ya Vatikani hayapokei wageni, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Na sisi tuliozoea jua linalochomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima husahau hesabu nyingine: mjini Berlin, katikati ya Desemba, jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Anayeupa mji huo siku moja ya Desemba ameupa mwanga usiofika saa nane. Mwishoni mwa Juni mambo hugeuka, jua likatua kama saa tatu na nusu usiku, na Mwislamu anayesafiri majira hayo afadhali atazame mapema nyakati za Magharibi na Isha.

Kuna anayejibu kwamba siku moja si haba, ili mradi mtu awe ameuona mji. Hapo ndipo pana kosa la msingi. Louvre peke yake imeweka hadharani kazi za sanaa zipatazo 35,000. Ukisimama nusu dakika mbele ya kila moja, bila kula wala kulala, utatumia siku 12 mchana na usiku, yaani likizo yote. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kufanya hivyo, nami siombi afanye. Ninachosema ni kwamba mji wa namna hii hauishi, awe mtu amepewa siku moja au mwezi. Kama hauishi, basi miji saba haina ukamilifu unaokosekana katika miwili. Tofauti iliyobaki ni kina cha kile utakachokigusa.

Inafaa pia tujiulize mazoea ya kuhesabu miji yalitoka wapi. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa matajiri wa Kiingereza walizunguka Ufaransa na Italia kwa miezi, wengine kwa miaka, wakijifunza lugha na sanaa. Watu wa kawaida hawakuwa na nafasi hiyo. Thomas Cook, mhubiri wa Kibaptisti aliyepiga vita ulevi, ndiye aliyeukata muda huo. Julai 1841 alikodi treni ya kupeleka mamia ya watu kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga pombe. Mwaka 1855 akaongoza kundi kupitia Brussels, Cologne, Heidelberg na Strasbourg hadi Paris. Namheshimu mtu huyo, kwa sababu aliwafungulia njia karani na mwalimu wa shule, ambao bila yeye wasingetoka kwao. Lakini mfululizo wa miji mingi kwa siku chache ulikuwa pia bidhaa, iliyofaa ratiba za reli na mahesabu ya makundi. Bidhaa hiyo imeendelea kuuzwa hadi tumedhani ndivyo safari ilivyo.

Chukua Berlin. Mgeni wa siku moja huona Lango la Brandenburg, kuba la kioo la jengo la Bunge, na kipande cha ukuta uliojengwa mwaka 1961 na kufunguliwa 1989. Ni vitu vya kuonwa. Mwenye siku tano au sita atapata nafasi ya kuingia Makumbusho ya Viumbe Asilia, na humo, katika ukumbi wa kwanza, atasimama chini ya kiunzi cha dinosaria kinachozidi mita 13 kwenda juu. Mifupa hiyo ilitoka Tendaguru, mkoani Lindi, ilikochimbwa kati ya 1909 na 1913. Mamia ya watu wa huko waliichimba, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Suala la kuirudisha limefika hata bungeni Dodoma. Mtanzania akiwa chini ya kichwa kile ana mengi ya kuwaza, na dakika 20 za kundi linaloharakishwa kurudi kwenye basi hazimtoshi.

Asubuhi nyingine atembee mtaa wa Wilhelmstraße, ambako kibao kinaonyesha ilipokuwa nyumba ya Bismarck. Ndimo ulimofanyika mkutano ulioanza Novemba 1884 na kumalizika Februari 1885, wa kuweka kanuni za kugawana bara ambalo halikuwa na mwakilishi hata mmoja mezani. Nyumba yenyewe haipo tena. Kisha apande treni ya chini kwa chini hadi Neukölln. Huko kuna mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, yule aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri pwani yetu. Tangu 2021 unaitwa kwa jina la Lucy Lameck, mwanamke wa Moshi aliyekuwa naibu waziri katika serikali ya Nyerere. Upande wa pili wa mji, katika eneo la Wedding, barabara iliyopewa zamani jina la Peters, mwasisi wa ukoloni wa Kijerumani huku kwetu, iligawanywa mwaka 2024, na sehemu yake moja sasa ina jina la Maji Maji. Na katika mtaa wa Brunnenstraße, kwenye sakafu ya njia ya waenda kwa miguu, kuna kibati cha shaba kisichozidi kiganja cha mkono. Kinamkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili chuo kikuu mjini humo, akakamatwa na Wanazi mwaka 1941 na kufia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Watu humpita kila saa. Kumwona kunataka mtu atembee polepole akitazama chini, na awe tayari kukubali kwamba siku hiyo hataona kitu kingine kikubwa.

Mambo hayo yametapakaa katika mitaa iliyo mbali mbali, na hakuna ratiba ya siku moja inayoyakusanya. Wanaotuachia habari zenye uzito kuhusu mji wa kigeni ni wale waliokaa. Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, aliandika habari za maisha ya huko, nazo zikachapishwa mwaka 1894 katika mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ulioandaliwa na Mjerumani Büttner. Aliweza kuandika kwa sababu aliishi pale, akapata muda wa kushangaa, kisha muda wa kuzoea, na tena muda wa kushangazwa na kile alichodhani amekizoea. Sisemi kila mwenye likizo awe mwandishi. Lakini katika jamii zetu anayesafiri ni macho ya waliobaki, na mara nyingi akiba yake ina jasho la watu wengine ndani yake. Siku akirudi ataketi nao na ataulizwa. Aliyepita miji saba atawaonyesha picha za majengo ambayo tayari waliyajua kutoka kwenye kalenda na televisheni.

Pingamizi moja nalipokea kwa heshima: si kila mtu anakwenda Ulaya kusoma historia, wengine wamechoka na wanataka kupumzika. Vema. Lakini mapumziko hayapatikani kwenye kufunga na kufungua mabegi. Siku ya kwanza mjini mtu anapambana na mashine ya tiketi. Siku ya tatu anajua duka la mkate, anajua basi lipi linamrudisha, na ramani inabaki mfukoni. Wanaohama kila baada ya usiku mmoja huishi siku ya kwanza mara saba. Hata fedha inakaa upande wa anayetulia: tiketi za usafiri za wiki nzima huja nafuu kwa siku, na nyumba yenye jiko humwezesha mtu kununua sokoni badala ya kula hotelini kila mlo.

Mwingine atasema kwamba mji mmoja si Ulaya. Ni kweli, na ndiyo maana nasema miwili. Mji mmoja ukiwa peke yake humdanganya mgeni kwamba bara zima liko hivyo. Wa pili humsahihisha. Basi na ichaguliwe isiyofanana. Baada ya Berlin, ambako karibu kila kidonda ni cha juzi, nenda Roma, ambako kanisa la San Clemente la karne ya 12 limekaa juu ya kanisa la karne ya nne, nalo limekaa juu ya majengo ya karne ya kwanza, na unashuka ngazi kutoka zama moja hadi nyingine. Huko zaidi ya mabomba 2,000 ya mitaani humwaga maji ya kunywa bure, jambo ambalo mwenye chupa yake tupu mwezi wa Julai atalishukuru.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la kusema huenda sitarudi tena. Ni kweli kwa wengi wetu, na sina dawa yake. Kanuni za viza zinampa nafasi zaidi aliyetumia viza zake za awali kwa uaminifu, lakini hazimwahidi mtu chochote kuhusu nauli. Hata hivyo, nafasi ikiwa ni moja tu ndipo hasa inapostahili kutunzwa. Mgeni aliyepewa usiku mmoja tu kwa ndugu asiowaona kwa miaka hapigi hodi nyumba saba za mtaa. Hukaa, akala nao, wakazungumza.

Mwisho kuna karatasi zenyewe. Viza ya Schengen inatumika katika nchi 29, lakini Uingereza na Ireland hazimo, kwa hiyo anayeweka London katikati ya orodha anahitaji viza ya pili, na ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ombi lisipelekwe zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Nalo hupelekwa kwa nchi utakakokaa siku nyingi zaidi. Siku zikiwa sawa, kwa nchi utakayoingia kwanza. Mwenye miji saba hapa hukaa na kalamu akihesabu usiku mmoja mmoja. Mwenye siku sita za Berlin na tano za Roma huandika Ujerumani, akaendelea na kipengele kinachofuata.