Mikono ya Esau na Neno la Siri

Swali la namna mtu anavyoweza kuthibitisha kwamba ndiye kweli ni la kale kuliko kompyuta, na katika sura ya 27 ya Kitabu cha Mwanzo linaulizwa na mzee asiyeona, aliye karibu kutoa kitu kisichoweza kurudishwa. Mzee huyo, Isaka, alikusudia kumbariki mwanawe Esau, akampima mwana aliyesimama mbele yake kwa sauti, kwa kumpapasa na kwa harufu ya nguo. Sauti ilikuwa ya Yakobo, nduguye Esau aliyejifanya ndiye, ilhali mikono yenye manyoya na nguo zenye harufu ya shamba vilikuwa kama vya Esau, naye Isaka akaisadiki mikono, akambariki Yakobo.

Wataalamu wa usalama wa akaunti huugawa ushahidi wa namna hii katika mafungu matatu: kile mtu anachokijua, kama nywila, yaani neno la siri, kile alichonacho, kama simu inayopokea tarakimu za kutumika mara moja tu, na kile alicho kimaumbile, kama alama za vidole. Uthibitishaji wa hatua nyingi hudai ushahidi wa fungu zaidi ya moja, na kila shahidi ana haki ya kuufunga mlango peke yake. Isaka hakukosa mashahidi, bali aliwahesabu kama kura, na sauti, iliyokuwa peke yake katika kusema kweli, ikashindwa kwa wingi.

Lipo kosa la ndani zaidi. Ngozi za wana-mbuzi alizovikwa Yakobo mikononi na shingoni, pamoja na mavazi ya Esau, vyote vilitoka kwa mama yake Rebeka, kwa hiyo mashahidi wawili waliokubaliana walitumwa na mtu mmoja. Wanazuoni wa Kiislamu walilijua jambo hili walipoipa hadithi ya Mtume daraja la mutawatiri, yaani iliyopokewa na wengi ambao haiyumkiniki wawe wamekula njama, kwani wingi wa wasemaji bila uhuru wao hauthibitishi lolote. Mtu anayebadilishiwa nywila kwa ujumbe wa simu, kisha akapokea tarakimu za hatua ya pili kwenye laini ileile, yumo katika hema la Isaka: tapeli akiihamishia namba hiyo kwenye kadi yake ya simu, simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, na mashahidi wote wawili huanza kumtumikia mwizi.

Mwenye kujali amana iliyomo katika akaunti yake na aiondoe laini hiyo katika njia za kurejesha nywila, tarakimu azipate kwenye programu inayozitengeneza ndani ya simu yenyewe bila kutegemea laini.