Je, Kiraka Kisichoonekana ni Uongo?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumewafundisha wanafunzi wetu miaka mingi, nao huieleza vizuri katika mitihani. Lakini methali yahimiza kuziba tu; haisemi kama mwenye nyumba analazimika kumwonyesha mpangaji mahali ufa ulipokuwa. Swali hilo hatukulijali hata tulipotengeneza kicheza kaseti kidogo cha mkononi.

Vyombo vya namna hii vilienea duniani baada ya kampuni ya Sony kutoa Walkman ya kwanza huko Japani, mwaka 1979. Chetu hakina jina kubwa. Lakini hapa Uganda, ambako wanafunzi wengi hawasikii Kiswahili nyumbani, kaseti ziliwahi kuwa mlezi wa masikio yao, na baadhi yetu walimu twazihifadhi mpaka leo.

Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka. Kilikuwa cha plastiki ile ngumu ambayo asetoni huiyeyusha; basi tulichukua vipande vya ganda la chombo kingine cha aina ile ile kilichokwisha kufa, tukaviloweka katika asetoni hadi vikawa kama uji mzito, tukaupaka ufani kwa kijiti na kuuacha siku mbili. Plastiki mpya huyeyukiana na ya zamani, na asetoni ikishakauka hubaki kitu kimoja. Tulipopiga msasa, ufa haukuonekana tena. Twakiri kwamba tuliona fahari.

Giya ndogo inayozungusha upande wa kupokea utepe ilikuwa kazi nyingine. Plastiki yake ni ya utelezi: asetoni haiiyeyushi, wala gundi haiingii ndani yake, hukaa juu tu kama rangi. Tena ufa wake ulianzia katikati, kwani miaka ipitapo plastiki hunywea, hali mhimili wa chuma ulio ndani yake haunywei. Tuliizungushia uzi mwembamba, tukautonesha gundi kali. Ikazunguka. Tulijua haitadumu.

Mwalimu mwenzetu akaja kukiazima, akakigeuzageuza mkononi, akatusifu kwa kifuniko. Tukapokea sifa, tukanyamaza juu ya giya. Naye akatia kaseti ya marehemu baba yake, mzee aliyefanya kazi Mombasa, akisimulia maisha ya bandarini kwa Kiswahili alichokipata huko. Nakala hapakuwa. Darasa likiwa linasikiliza, giya ilipasuka. Upande wa kupokea ulisimama, lakini mhimili unaovuta utepe uliendelea kuusukuma, karibu sentimita 5 kila sekunde, ukarundikana na kujisokota ndani. Kabla hajakizima, kipande kizima cha masimulizi kilikuwa kimekunjamana na kukatika.

Alipokuja hakufoka. Aliuliza jambo moja tu: kama tulikuwa tukijua. Tukamjibu kwamba tulijua.

Kuna watakaosema kwamba fundi cherehani bora ndiye ambaye kiraka chake hakionekani, na hakuna amwitaye mwongo. Twakubali. Kifuniko chetu hakikumdanganya mtu, kwa kuwa kilichofichwa pale ni ubaya wa sura tu, na kama kingevunjika tena, hasara ingekuwa yetu. Giya ni kitu kingine. Hapo tulimfanya mwenzetu atie rehani kitu chake asijue kwamba ametia rehani. Hatuoni, basi, kwamba uongo umo katika kiraka chenyewe. Twauona katika kumnyima mwenzio nafasi ya kuchagua. Tungependa kudai kwamba tulinyamaza kwa huruma, ili darasa lake lisikose somo. Sivyo. Tulinyamaza kwa sababu sifa ilikuwa tamu, na neno moja juu ya giya lingeipunguza.

Utepe tumeuunga kwa gundi ya karatasi ya utepe. Maneno kadhaa ya mzee hayapo tena. Anaanza kueleza jinsi walivyopakua mizigo usiku, kisha ghafula yumo nyumbani akicheka.

Giya tumeiunga upya kwa njia ile ile, maana nyingine hatujaipata. Ndani ya kifuniko tumebandika karatasi: giya imeungwa, usitie kaseti isiyo na nakala. Tangu hapo walimu watatu wamekuja kukiazima. Wote wamesoma, wametushukuru, wakakiacha rafuni.